Nani Ana Haki ya Kusahihisha Kosa Lililozoeleka?

Shemeji yangu ni mtu wa kompyuta, na hajui kupumzika. Pasaka iliyopita tulikuwa ukweni. Nyuma ya nyumba watu wanachuna mbuzi, yeye amekaa barazani na simu yake, anasoma kwa makini kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano. Nikamuuliza anasoma nini, akanipa simu.

Ilikuwa orodha ndefu ya mistari mifupi mifupi. Kila mstari ulikuwa na namba yake na sentensi moja. Hiki kilikuwa kinakosea hivi, sasa kimerekebishwa. Kile kilikuwa kinakwama mtu akiandika vile, sasa hakikwami. Hapa tulikuwa tunatoa jibu lisilo sahihi bila kumwonya mtu, sasa tunatoa sahihi.

"Haya makosa ni ya nani?"

"Ya kompaila, shem. Limetoka toleo jipya."

"Na wanayatangaza hivi hivi, mbele za watu?"

Akacheka. "Wasipoyatangaza mimi nitajuaje?"

Mimi ni mwandishi wa habari, na jibu lile lilinichoma. Sababu nitaieleza mbele. Kwanza nimweleze msomaji ambaye, kama mimi, si mtu wa kompyuta, jambo lenyewe ni lipi.

Kompyuta haielewi lugha anayoiandika programa. Programa anaandika kwa maneno na alama ambazo binadamu anaweza kuzisoma, na mashine inataka amri za namna nyingine kabisa. Katikati yao anakaa mfasiri, ndiye kompaila. Mojawapo ya za mwanzo kabisa, iliyoitwa A-0, ilitengenezwa na Grace Hopper kule Marekani mwaka 1952. Tangu hapo karibu kila kitu tunachokigusa chenye kompyuta ndani yake kimepitia mikononi mwa mfasiri wa aina hiyo: simu, mashine ya benki, mfumo wa tiketi.

Sasa, mfasiri wa kitabu akikosea, kosa linabaki kwenye kitabu kile. Kompaila ikikosea, kosa linaingia kwenye kila programu iliyopita hapo, na mwenye programu anaweza asijue, maana yeye kaandika sawasawa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza kazi waliyoifanya kwa miaka kama mitatu. Walitengeneza programu inayobuni programu nyingine ovyo ovyo kwa lugha ya C, wakazilisha kompaila mbalimbali, wakaangalia majibu. Waliripoti makosa zaidi ya 325. Kila kompaila waliyoijaribu, bila kubakiza hata moja, ilikutwa ikitoa tafsiri isiyo sahihi kimya kimya. Na hizi ndizo kompaila ambazo dunia nzima inazitegemea.

Kwa hiyo zinasahihishwa, kila toleo. Na wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo hakuna mjadala. Mjadala unaanza pale unapokwenda kuziba ufa na kukuta ndege ameshajenga kiota ndani yake.

Maana watu huzoea makosa. Programa anagundua kwamba akiandika hivi, kompaila inafanya kitu cha ajabu kidogo, lakini kitu hicho kinamfaa. Anaendelea. Miaka mitano baadaye programu yake imesimama juu ya ajabu ile. Wenye kompaila wakija kuirekebisha, kwa nia njema kabisa, programu yake inaanguka. Hapo nani kamkosea nani?

Kuna kisa kimoja ambacho watu wa kompyuta wanakisimulia mpaka leo. Mwaka 1976, katika maabara za Bell Labs, Stuart Feldman alitengeneza Make, chombo cha kuwasaidia waandishi wa programu kujenga kazi zao. Ndani yake kulikuwa na sharti moja la kuudhi: mistari fulani lazima ianze kwa kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, ambazo kwa macho hazina tofauti, kazi inakataa. Feldman aliona mapema kwamba lile si jambo zuri. Lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi, wengi wao marafiki zake, hakutaka kuwaharibia. Akaacha.

Watu kumi na wawili! Leo, karibu nusu karne baadaye, kuna vijana wanaopoteza mchana mzima wakitafuta kwa nini kazi yao inakataa, kumbe ni nafasi badala ya Tab. Feldman aliwahurumia marafiki aliokuwa akiwaona, na gharama ikaenda kwa watu ambao hakuweza kuwaona, kwa sababu wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Simlaumu. Nani kati yetu hajawahi kuacha jambo bovu liendelee kwa sababu kulirekebisha kungemuudhi jirani? Lakini kisa hiki kinatufundisha kwamba huruma nayo ina macho mafupi, na kwamba anayesema "tuwaachie tu, wameshazoea" anakuwa ameamua kwa niaba ya watakaokuja.

Shemeji yangu ana msimamo mkali kwenye hili. "Aliyetegemea kosa, shauri yake," aliniambia tukiwa tunanawa mikono. "Sheria ya lugha imeandikwa. Yeye hakuisoma."

Msimamo huo una watetezi wengi, hasa miongoni mwa wanaotengeneza kompaila za C. Lakini upo pia msimamo wa upande wa pili. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, kwa miaka mingi ameshikilia kanuni moja kwa ukali unaojulikana: mabadiliko ya kiini cha mfumo yasivunje programu za watumiaji. Programu ya mtu ilikuwa inafanya kazi jana, leo haifanyi kwa sababu yako, basi mwenye kosa ni wewe. Usimwambie eti alikuwa anaitumia vibaya.

Nimejaribu kusimama upande mmoja nimeshindwa. Wa kwanza anasema ukweli kuhusu sheria, wa pili anasema ukweli kuhusu watu.

Na kabla ya hapo kuna swali jingine: kosa kwa mujibu wa nani? Sisi wa Kiswahili tunalijua vizuri. Kiswahili sanifu kilipojengwa juu ya lahaja ya Unguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, mtoto wa Mombasa aliyekuwa akisema "ndia" na "mato" maisha yake yote alijikuta darasani anakosea. Yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni kanuni iliyokuwa ikimpima. Bibi yake alisema hivyo, mashairi ya kwao yalitungwa hivyo, na sasa mwalimu anapitisha kalamu nyekundu: "njia", "macho". Leo hii hii tunagombana kuhusu "masaa". Wasahihishaji wanasema ni "saa" tu, hata zikiwa kumi. Mitaani, redioni na hata kwenye hotuba za wakubwa, masaa yanaendelea kupita.

Tofauti ni kwamba lugha ya watu haina toleo jipya linaloshuka usiku na kumbadilisha kila mtu asubuhi. Mtu anaweza kuisikia kanuni akaikataa. Mwenye kompaila ana nguvu ambayo mwalimu wa Kiswahili hana: akibadili kanuni, mashine inatii papo hapo. Ndiyo maana nadhani yeye anadaiwa zaidi.

Wapo waliojaribu kulipa deni hilo, na mfano ninaoupenda ni wa lugha ya Go, iliyotoka Google mwaka 2009. Toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2012 na ahadi kubwa: programu utakayoiandika leo itaendelea kufanya kazi kwenye matoleo yajayo. Lakini ndani ya lugha kulikuwa na mtego. Nitaueleza kwa mfano wangu mwenyewe. Chukulia mwalimu ana wanafunzi arobaini. Anapita dawati kwa dawati, anaandika jina la kila mmoja kwenye ubao mdogo aliobeba, na kila anapofika anafuta la nyuma. Kwa kila mwanafunzi anamtuma kiranja mmoja, anamwambia: "Baadaye uje usome jina lililo kwenye ubao, umwite huyo." Viranja arobaini wanarudi jioni, wanasoma ubao ule ule mmoja. Wote wanamwita mwanafunzi wa mwisho, na wale thelathini na tisa hawaitwi na mtu.

Hivyo ndivyo mizunguko ya Go ilivyokuwa. Haikuwa hata hitilafu ya kompaila, maana ndivyo kanuni ilivyoandikwa. Lakini watu walinaswa tena na tena, wakiwemo mabingwa.

Mwaka 2020 mtego wa aina hiyo ulinasa mahali pazito. Let's Encrypt ni taasisi inayotoa bure vyeti vinavyothibitisha kwamba tovuti unayoifungua ni yenyewe kweli. Mwishoni mwa Februari waligundua kwamba programu yao, iliyoandikwa kwa Go, ilikuwa na dosari: ikitakiwa kuhakiki tena majina kadhaa ya tovuti kwenye ombi moja, ilichagua jina moja ikalihakiki mara nyingi, mengine yakapita. Vyeti vilivyoguswa vilizidi milioni 3. Kanuni za kazi yao ziliwataka wavifute vyote ndani ya siku tano.

Hapo fikiria ungekuwa wewe. Ukivifuta, tovuti za watu wasio na hatia zitaanza kutoa onyo la hatari kwa kila anayezifungua. Usipovifuta, umevunja kanuni ambayo ndiyo sababu ya watu kukuamini. Walitangaza kosa hadharani, wakawaandikia wenye tovuti waliokuwa na anwani zao, wakaweka njia ya mtu kuangalia kama ameguswa. Siku ilipofika walifuta vyeti takribani milioni 1.7, wengi wa wenyewe wakiwa wameshachukua vingine. Zaidi ya milioni moja wakaviacha kwa muda, wakaeleza kwa nini: kuvifuta kwa ghafla kungeumiza watu wengi kuliko kuviacha, na vyeti vyao havidumu zaidi ya siku 90 hata hivyo. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo. Lakini anaweza kubishana nao kwa sababu uliwekwa mezani.

Wenye Go nao mwishowe waliamua kubadili kanuni ya mzunguko, katika toleo la 1.22 la Februari 2024. Ona walivyofanya. Kwanza waliiweka kama jaribio la hiari kwenye toleo lililotangulia. Wakaitumia wenyewe ndani ya Google kabla ya kuwapa wengine. Kisha wakaweka sharti: kanuni mpya itafanya kazi tu kwenye programu ambayo mwenyewe ameandika kwamba inafuata toleo la 1.22 au la baada yake. Asiyeandika hivyo, programu yake itaendelea kufasiriwa kwa kanuni ya zamani, kosa lake na yote, na kompaila mpya ile ile. Yaani ufa unazibwa siku mwenye nyumba atakapokuwa tayari.

Na masahihisho yale yalifukua kitu. Kulikuwa na majaribio, yale ya kuhakikisha programu iko sawa, ambayo kwa miaka yalikuwa yanafaulu. Baada ya kanuni kubadilika yakaanza kufeli. Kumbe yalikuwa yanapima mfano wa mwisho tu, kama viranja wetu, na mifano mingine yote haikuwahi kupimwa. Programu zenyewe zilikuwa na makosa muda wote. Mtu aliyeona taa ya kijani kwa miaka mitatu aliambiwa ghafla kwamba taa ile haikuwa na maana. Bila shaka wapo walioona kwamba toleo jipya limewaharibia kazi.

Sasa nifike kwenye langu.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwenye gazeti moja la mtandaoni. Niliandika habari fupi kuhusu ufadhili wa masomo. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa tarehe 15. Mimi niliandika 25. Kesho yake mwenzangu akanionyesha, nikaingia kwenye mfumo, nikafuta mbili nikaweka moja. Sekunde kumi. Sikuandika popote kwamba nimebadilisha. Hakukuwa na sheria ya kunilazimisha, na kusema kweli niliona aibu.

Tarehe 19 nilipigiwa simu na binti. Sauti ya upole sana. "Kaka, samahani kwa usumbufu, wewe ndiye uliyeandika ile habari ya ufadhili?" Alikuwa amesafiri kutoka kijijini kwao na vyeti vyake hadi mjini, kwenye duka la intaneti, akaambiwa dirisha limefungwa. Habari yangu aliipata kwenye kundi la WhatsApp, mtu alikuwa ameipiga picha ya skrini siku ile ya kwanza. Lakini alipoifungua habari yenyewe pale dukani, akakuta 15. Akaniuliza, na swali hili sijalisahau: "Kaka, ni mimi niliyesoma vibaya?"

Nikamjibu: "Taarifa iliyopo kwenye tovuti ndiyo sahihi, dada."

Kila neno katika sentensi ile lilikuwa kweli, na sentensi nzima ilikuwa uongo. Akashukuru, akakata simu.

Nimefikiri sana kuhusu siku ile, na orodha ya shemeji yangu ndiyo iliyonisaidia kuona vizuri. Kukosea tarehe ni kosa la kawaida, kila mwandishi analo. Kuirekebisha lilikuwa jambo jema. Dhambi ilikaa kwenye ukimya. Shemeji alinieleza kwamba ukisahihisha kompaila hujasahihisha programu zilizokwisha kupita ndani yake. Hizo ziko huko duniani na kosa lao mpaka mwenyewe azipitishe upya. Na hawezi kuzipitisha upya kama hajui kwamba kuna sababu. Ndicho kilichotokea kwenye habari yangu. Nilisahihisha asili nikaziacha nakala zitembee kwenye simu za watu. Tena nilifanya baya zaidi: kwa kuifuta alama ya kosa langu, nililihamishia kwa binti. Yeye ndiye aliyebaki akijishuku macho.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kichwa cha makala hii ni kwamba aliyekosea ana haki ya kusahihisha, na zaidi ya haki, ana wajibu. "Wameshazoea" si sababu ya kutosha. Waulize wanaosumbuka na Tab. Lakini kosa likishatoka mikononi mwako si lako peke yako. Wapo waliolijengea maisha, kwa nia njema, na masahihisho yako kwao ni tukio kama lilivyokuwa kosa. Wanadai waambiwe nini kimebadilika na lini. Wanadai muda wa kuhama, pale ambapo kusubiri hakumuumizi mtu mwingine. Na pale ambapo kusubiri kunaumiza, kama vyeti vile, au kama tarehe yangu ambayo ilipaswa kurekebishwa dakika ile ile, basi wanadai sauti kubwa zaidi, maana muda ndio hawatapewa.

Shemeji ataniambia hiyo ni huruma iliyopitiliza, kwamba binti angepaswa kwenda kwenye chanzo rasmi badala ya kutegemea picha ya WhatsApp. Kisheria hana kosa. Lakini aliyemfanya aitegemee ni mimi. Ndiyo kazi niliyokuwa nikilipwa, kutegemewa.

Siku hizi kila habari yangu ninayoisahihisha naweka mstari chini yake: tarehe fulani tulibadilisha hiki kikawa hiki. Mhariri mmoja aliwahi kuniambia najichafua bure, msomaji ataona sisi ni watu wa kukosea kosea. Nikamwambia msomaji anajua hivyo tayari. Asichojua ni lini.

Namba ya yule binti sina tena, simu ile iliibiwa. Sijui alifika wapi. Mwaka jana niliwaomba wale wa gazeti la zamani waniongezee mstari kwenye habari ile ya ufadhili, wakanishangaa, habari ya miaka mitano nyuma, ya nini? Lakini waliuweka. Unasema kwamba habari hii ilipochapishwa mara ya kwanza ilitaja tarehe 25, kwamba lilikuwa kosa la mwandishi, na kwamba lilibadilishwa siku iliyofuata bila taarifa. Sidhani kama kuna mtu anaisoma. Ila kama siku moja ataifungua, atajua kwamba alisoma vizuri.